Geti ya Kijani, Tangi la Buluu

Mfereji ulikohoa gizani, ukanyamaza, kisha ukakohoa tena.

Kila mtu wa Kitengela anaujua mlio huo. Unalala ukiwa umeuacha mfereji wazi, karai chini yake, na hewa ikianza kutoka unajua maji ya wiki yamefika na hayatamngoja mtu. Nashipae Kasaine alitoka kitandani bila kuwasha taa, akapapasa ukuta mpaka jikoni, akausogeza mtungi wa kwanza. Maji yalianza kushuka, membamba, yenye rangi ya chai.

Simu ilikuwa inawaka juu ya friji. Jina lililoandikwa pale lilimfanya aukabe mfereji kwa mkono mmoja ili asikie.

"Afisa, samahani. Najua ni mapema."

"Ongea, Muthoki. Niko."

Muthoki alikuwa ananong'ona. Tangu siku alipoleta malalamiko yake kwenye ofisi ya ulinzi wa data, ambako Nashipae alikuwa afisa wa uchunguzi, hakuwa amewahi kuongea kwa sauti ya kawaida. Alikuwa amemkimbia mume wake, Musila, akiwa na mtoto mmoja, mkoba mmoja na amri ya mahakama ya kumzuia Musila asiwakaribie. Alikodi chumba mtaa wa Milimani hapa hapa Kitengela, akabadilisha laini ya simu, hakumwambia hata dada yake. Akaagiza kitu kimoja tu kwenye tovuti ya duka: viatu vya mtoto. Siku mbili baada ya viatu kufika, Musila naye akafika. Majirani walipiga kelele, akaondoka. Asubuhi yake Muthoki alihamia Kajiado mjini, kwa mama mmoja wa kanisa.

"Nimeletewa meseji na lile duka," Muthoki alisema. "Kifurushi kinatoka leo."

"Kifurushi gani?"

Mtoto alisikika akinong'ona kitu, na mama yake akimjibu kwa mnong'ono vilevile.

"Kile cha kubadilisha viatu. Niliomba siku ileile vilipokuja, maana vilikuwa vidogo. Juzi wakaniuliza watume wapi. Nikaandika."

"Ukaandika Kajiado?"

"Mtoto hana vingine, Afisa. Na mimi nilisoma ile sera yao ya faragha yote, mpaka chini. Wameandika hawampi mtu yeyote taarifa za mteja. Nikajua basi shida iko kwa majirani, au kwa yule mtu wa gari aliyevileta. Si kwa duka."

Maji yalikuwa yanapita juu ya mtungi sasa, yakimlowesha Nashipae miguu. Hakuyazima.

"Nirudilie maneno ya Musila siku ile. Usiongeze, usipunguze."

"Alisema, 'Mama Ndinda, fungua. Nimekuja kumwona mtoto wangu na viatu vyake vipya vya ishirini na nne.' Halafu akacheka."

"Aligonga geti yenu?"

"Ya jirani. Ile ya kijani. Sisi tulikuwa inayofuata, nyeusi. Tulimsikia kupitia ukuta."

"Na jina. Kwenye oda uliandika jina gani?"

"Sikuandika langu. Nikaweka Mama Ndinda tu. Si wako wengi?" Sauti ilikatika kidogo ikarudi. "Afisa, simu inataka kuzima. Stima ilipotea huku jana. Nifanye nini?"

"Usifungue mlango kwa mtu yeyote, hata akisema ni kifurushi. Mimi naenda dukani sasa hivi. Na, Muthoki, wewe uliagiza hiyo ishirini na nne?"

"Hapana. Niliagiza ishirini na—"

Simu ikazima.

*

Toto Nadhifu lilikuwa ghorofa ya pili ya jengo lililo kando ya barabara ya Namanga, juu ya duka la dawa za mifugo. Nashipae alipiga namba ya duka mara nyingi akiwa njiani na haikushikwa. Alipopanda ngazi, mlango ulikuwa tayari wazi, redio inaimba nyimbo za injili, na mwanamke mnene mchangamfu alikuwa amepiga magoti sakafuni akifunga kifurushi cha kesho kwa utepe wa gundi, kipande kingine cha utepe kikiwa kimening'inia kwenye meno.

"Karibu, customer! Ya mvulana ama ya msichana?"

"Mimi si mteja, mama." Nashipae alimwonyesha kitambulisho cha kazi. "Natoka ofisi ya ulinzi wa data. Wewe ndiye Nyakio, mwenye duka na tovuti?"

Utepe ulianguka. "Lakini leseni ya kaunti nililipa! Hiyo hapo ukutani, angalia."

"Siulizi leseni ya kaunti. Kuna kifurushi cha Mama Ndinda kinaenda Kajiado. Kiko wapi?"

"Kiko chini. Leshan anapakia."

Nashipae alifika dirishani kwa hatua ndefu. Chini, mwanamume mwembamba mwenye shuka jekundu mabegani alikuwa anasukuma mifuko nyuma ya Probox nyeupe.

"Leshan! Supa!"

"Ipa!" Aliitikia salamu hiyo ya Kimaa, akainua uso, akatafuta sauti ilikotoka.

"Usiwashe gari. Niletee kifurushi cha Mama Ndinda huku juu."

Alipogeuka, Nyakio alikuwa ameketi juu ya boksi la viatu, boksi limebonyea. Nashipae alivuta kiti, akafungua simu yake, akaiweka katikati yao.

"Hii ni tovuti yako?"

"Ni yangu."

"Huku chini kabisa, maandishi madogo, kuna sera ya faragha. Nikusomee?" Hakungoja jibu. "'Tutatumia taarifa za gari lako, zikiwemo saizi ya magurudumu na kilomita ulizosafiri, ili kukuhudumia vizuri zaidi.' Mama Nyakio, wewe unauza magurudumu?"

Nyakio alisogeza kichwa, akasoma mwenyewe, midomo ikitembea. "Mimi? Mimi ni viatu vya watoto na soksi."

"Imeandikwa chini ya jina lako."

"Huyo ni fundi wa website! Aliitoa mahali akaibandika. Aliniambia kila website huwa na hiyo kitu hapo chini, na hakuna mtu husoma."

"Kuna mmoja alisoma," Nashipae alisema. "Akaamini."

Alimweleza kwa kifupi, kama alivyozoea kuwaeleza wenye maduka. Sheria haitaki maneno makubwa. Inataka mwenye tovuti amwambie mteja anachukua taarifa gani, anaichukulia nini, nani mwingine ataiona, itakaa kwake kwa muda gani, itachungwa vipi, na mteja ana haki gani na alalamike wapi. Amwambie kabla ya kuchukua, kwa lugha ya kueleweka. Na kile alichoandika ndicho afanye.

"Sasa, umeandika hapa humpi mtu yeyote. Wiki iliyopita mtu alifika mahali mteja wako alikojificha. Mtu huyo mahakama ilimkataza kumkaribia. Nataka kujua alipata wapi."

Nyakio alifunika mdomo kwa kiganja. "Huyo Mama Ndinda anajificha? Yesu wangu. Mbona hakusema?"

"Akwambie nini? Nani ana neno la siri la hiyo tovuti?"

"Mimi na fundi."

"Fundi yuko wapi?"

"Alihamia Loitokitok, analima nyanya. Tulikosana." Macho ya Nyakio yalipata uhai. "Unajua, huyo anaweza! Aliniambia nitamtafuta na tochi mchana. Hata sijabadilisha hilo neno la siri."

"Fungua oda ya kwanza ya Mama Ndinda. Nataka kuiona vile alivyoijaza yeye."

Kompyuta ya Nyakio ilichukua muda wake, feni ikivuma kama nyuki ndani ya mzinga. Nashipae alikuwa amepekua tovuti hii kwa siku mbili kutoka nje, kila ukurasa, kila picha, asipate jina la mteja hata mmoja. Ukurasa ulipofunguka aliinama mpaka pua ikakaribia kioo.

*Mama Ndinda. Viatu vya shule, namba 26. Milimani, nyuma ya kanisa, karibu na geti ya kijani.*

"Ishirini na sita," Nashipae alisema.

"Ndiyo. Zilikuwa zimeisha. Nikamwekea ishirini na nne, hizo hutokea kubwa kubwa."

"Ukabadilisha hapa kwenye kompyuta?"

"Kwani nani ako na hiyo time? Niliandika kwa stika tu, nikabandika."

Nashipae alinyooka. Musila alisema ishirini na nne. Mtu aliyeingia kwenye tovuti, fundi au mwizi mwingine yeyote, angeona ishirini na sita. Namba ile nyingine haikuwahi kuwa popote duniani isipokuwa kwenye boksi lenyewe, kwenye miguu ya mtoto, na kwenye kipande cha karatasi chenye gundi.

"Muache fundi na nyanya zake," alisema. "Hii ilitoka kwa stika."

Hapo ndipo Leshan alipoingia, kifurushi kwapani.

"Basi ni huyu!" Nyakio alisimama, kidole mbele. "Stika inatoka kwangu inaenda kwa huyu. Hakuna mwingine. Leshan, umeuza mteja wangu kwa pesa ngapi?"

"Eh! Mama Nyakio!" Leshan alirudi nyuma nusu hatua. "Asubuhi ulikuwa unaniita baba, saa hii mimi ni mwizi? Hata chai uliyonipa haijashuka."

"Kaa, Leshan," Nashipae alimwambia. "Niambie ulivyopeleka kile cha kwanza, Milimani."

Leshan hakukaa. Aliweka kifurushi mezani, taratibu, kama kitu kinachoweza kupasuka. "Stika ilisema geti ya kijani. Nikagonga geti ya kijani. Mbwa akanikaribisha, mguu wa suruali ukabaki kwake. Nikapiga simu. Mama akatoka geti inayofuata, nyeusi, akasema, 'Niko hapa, hiyo ya kijani ni ya kukuonyesha tu.' Si ndivyo watu huandika? Mtu haandiki kwake. Anaandika kitu cha jirani kinachoonekana."

"Kwa hivyo wewe unajua alikuwa anakaa geti nyeusi."

"Najua vizuri. Na ile suruali pia inajua."

"Na mtu akikulipa umpeleke kwa Mama Ndinda, ungempeleka wapi?"

"Mimi? Kwa…" Leshan alitazama mmoja, akatazama mwingine. "Kwa nyeusi. Lakini sikumpeleka mtu!"

"Najua. Yule mtu aligonga ya kijani."

Redio ilimaliza wimbo. Nyakio alishusha kidole chake polepole, akakificha mkunjoni mwa kitenge.

Nashipae alianza kutembea ndani ya kile chumba kidogo, kutoka mlangoni hadi mezani. Habari haikutoka kwenye tovuti. Haikutoka kwa mtu wa gari, wala kwa jirani yeyote wa Milimani, maana hao wote wangejua geti. Ni mtu aliyesoma stika yenyewe, neno kwa neno, baada ya kuandikwa na kabla ya kufikishwa. Ilikuwa wapi katikati hapo? Ilikuwa hapa, kwenye meza hii.

"Nani huingia hapa asubuhi ukifunga vifurushi?"

"Hakuna. Mimi na Mungu."

"Mteja? Mwenye nyumba? Mtu wa maziwa?"

"Nakuambia hakuna. Nafungua mlango kama nimemaliza."

Simu ya Nyakio ililia, mlio mfupi wa furaha. Ikalia tena. Haikuwa mfukoni. Ilikuwa imesimamishwa kwenye kigari cha plastiki cha mtoto upande wa pili wa meza, jicho lake likitazama mahali kifurushi kilipowekwa. Pembeni yake kulikuwa na taa ya mviringo, ile ya wapiga picha.

"Hiyo ni nini?"

"Hizo ni watu tu wa status ya WhatsApp. Huwa wananipongeza."

"Wanakupongeza nini?"

Nyakio alitabasamu mara ya kwanza tangu aambiwe ofisi ya data, tabasamu la mtu anayeulizwa kuhusu kitu anachokijua. "Si vile nikimaliza kufunga, naziweka kwa laini, napiga picha, naweka status. 'Parcels za leo, tunatuma kweli.' Watu wameibiwa sana online, Madam. Unatuma pesa, mtu anakuzimia simu. Mimi nilianza bila jina, nani angeniamini? Lazima waone vitu vikitoka, na majina, na mahali vinaenda. Bila hiyo hupati hata oda moja."

Leshan alikuwa wa kwanza kuelewa. Aliivua kofia yake.

"Wanaona stika," Nashipae alisema.

"Ndiyo wajue ni ukweli." Kisha tabasamu la Nyakio likaanza kuyeyuka lenyewe, kuanzia machoni. "Wanaona… Ngai, Mungu wangu."

"Ya leo umeshaweka?"

"Mapema. Kabla ufike."

Kumbe ndiyo maana siku mbili za kupekua tovuti hazikuzaa kitu. Status huonwa na wale tu wenye namba ya duka, ambao duka nalo lina namba zao. Nashipae alinyoosha mkono kuelekea ile simu, na Nyakio akaiwahi, kidole tayari kwenye kioo.

"Naifuta! Naifuta sasa hivi!"

"Usiguse!"

Sauti yake ilimshtua hata yeye. "Ukifuta kabla sijaichukua, hatuna ushahidi. Shika hapo. Leshan, toa simu yako, piga picha ya hicho kioo, tarehe na saa zionekane. Sasa mama, nionyeshe."

Vilikuwa vifurushi vitano kwa mstari, vimependeza chini ya taa. Cha tatu kilikuwa na mwandiko wa Nyakio wa kalamu nene: *MAMA NDINDA, 26 KUBADILISHA, KAJIADO, NYUMA YA SOKO LA MIFUGO, KARIBU NA TANGI LA BULUU.*

"Sasa futa. Na wale waliokujibu, fungua."

Walikuwa wachache. Mmoja alituma maua, mmoja aliuliza bei ya soksi. Wa tatu alikuwa amehifadhiwa kwa jina ambalo Nashipae alilisoma mara mbili.

*Baba Ndinda.*

"Huyu ni nani?"

"Ni mteja wangu wa zamani," Nyakio alisema, na sauti ikawa ndogo. "Alinunulia mtoto viatu vya kwanza kabisa. Huyo mtu huwa mpole sana…"

*Hongera mama, biashara inakua,* Baba Ndinda alikuwa ameandika. *Hiyo ya Kajiado inafika lini?*

Na chini yake, jibu la Toto Nadhifu, na kiuso cha kucheka: *Leo mchana baba! Mwambie mama avumilie kidogo.*

"Nilidhani ni nyumba moja," Nyakio alisema. "Baba Ndinda, Mama Ndinda. Nilidhani nawasaidia."

*

Muthoki hakupatikana. Nashipae alipiga mara tatu, akapata sauti ileile ya mashine, akaacha. Aliyeshika ni Koplo Kahiga wa Kajiado, ambaye nakala ya amri ya mahakama ilikuwa kwenye droo yake.

"Koplo, Musila anakuja huko. Pengine amekwisha kufika. Ana picha inayoonyesha mahali."

"Nipe mahali."

"Nyuma ya soko la mifugo, karibu na tangi la buluu. Lakini nisikilize." Alikuwa anashuka ngazi mbili mbili, Leshan mbele yake, kifurushi kwenye mkono wake wa kushoto. "Muthoki hakai penye tangi. Tangi ni la jirani. Yeye mwenyewe alinieleza yuko mlango wa tatu kutoka hapo, nyumba ya mabati isiyo na alama."

"Basi naweka watu kwake."

"Hapana! Weka mtu mmoja kwake, asionekane. Wengine wakae penye tangi. Yule mtu husoma stika. Milimani aligonga geti ya kijani. Kajiado atagonga tangi."

Koplo Kahiga alivuta pumzi. "Na asipogonga tangi?"

"Ndiyo maana nimekwambia mmoja akae kwake."

Juu ngazini Nyakio alikuwa amesimama, viatu mkononi. "Madam! Na mimi nifanye nini?"

"Una saa sabini na mbili za kuripoti uvujaji wa taarifa kwa Kamishna wa Data, usingoje hata moja. Halafu upige simu kwa kila mtu ambaye jina lake umewahi kulianika. Wote. Uwaambie wewe mwenyewe."

"Wataniacha!"

"Wengine watakuacha."

"Niko na watoto watatu shuleni, Madam!"

Nashipae alikuwa ameshafunga mlango wa Probox, lakini aliteremsha kioo. "Waambie ukweli, mama. Halafu uandike sera yako mwenyewe, ya viatu. Nitakuja tuisome pamoja."

Leshan aliendesha kasi. Walipita Isinya upepo ukiwa umebeba vumbi jeupe juu ya barabara, na ng'ombe wa mtu wakiwa wamesimama katikati kana kwamba wamenunua lami. Leshan alipiga honi, akatukana kwa Kimaa, akaomba msamaha. Simu ya Nashipae ilikuwa pajani, kioo juu. Koplo aliahidi kupiga. Hakupiga. Nashipae alikipindua kifurushi, akaisoma stika, akakipindua tena.

"Ungekuwa wewe," alimwambia Leshan, "umefika penye tangi la buluu, umegonga, wamesema hawamjui. Ungefanya nini?"

"Ningepiga simu."

"Huna namba."

Leshan alifikiria mpaka wakapita lori mbili. "Ningeuliza watoto," alisema. "Watoto huwa wanajua mtoto mgeni anakaa wapi."

Nashipae alipiga tena kwa koplo. Ikaita mpaka ikakata.

*

Tangi la buluu lilionekana tangu barabarani, limepanda juu ya mnara wa vyuma, zuri kuliko nyumba zote zilizolizunguka. Chini yake palikuwa na gari la polisi na watu kama ishirini, na Nashipae alishuka kabla Probox haijasimama sawasawa.

Musila alikuwa amekaa kwenye ukingo wa gari, pingu mikononi. Shati lake lilikuwa limepigwa pasi. Miguuni kwake kulikuwa na mfuko wa karatasi wenye pakiti mbili za maziwa na mdoli. Watoto watatu walikuwa wamesimama kando, kila mmoja akimung'unya peremende.

"Aligonga hapa," Koplo Kahiga alisema, akijifuta jasho. "Wakamwambia hawamjui. Akanunulia hawa peremende, akaanza kuwauliza maswali. Huyu mdogo alikuwa ameshanyoosha mkono kuonyesha nyumba. Samahani, simu niliiacha kwa gari."

Musila aliinua macho, akatabasamu. Sauti yake ilikuwa ya upole kweli, kama Nyakio alivyosema. "Afisa, ni hatia mtu kumletea mtoto wake maziwa?"

"Kuna amri ya mahakama. Unaijua. Ulitia sahihi."

"Mimi sikumtafuta mtu. Duka limetangaza. Kama mnataka kushtaki, shtakini duka."

"Duka tumelifikia," Nashipae alisema. "Wewe ulijuaje Milimani ni viatu vya ishirini na nne?"

"Ilikuwa kwa status. Watu mia waliona."

"Asante. Koplo, umesikia?"

"Nimesikia, na nimeandika."

Tabasamu la Musila lilibaki mahali pake, ila sasa halikuwa na kazi. Walipompandisha garini aligeuza shingo, akazitazama zile nyumba za mabati moja baada ya nyingine, bila haraka, mpaka mlango wa gari ulipofungwa. Nashipae aliyaona macho yale yakipita mlango wa tatu bila kutua. Hata hivyo alingoja mpaka gari likapotea nyuma ya soko ndipo akaenda, na aliuzunguka mlango ule kwa nyuma, asiwaonyeshe njia hata wale watoto wa peremende.

Aligonga kidogo. "Muthoki. Ni Nashipae. Niko peke yangu."

Ndani kitu kizito kilisogezwa, kisha kingine. Mlango ulifunguka upana wa uso. Muthoki alikuwa ameshika mwiko mkononi kama rungu.

"Ameshikwa," Nashipae alimwambia. "Atalala ndani ya seli leo, na kesho atapelekwa mbele ya hakimu. Sitakudanganya, anaweza kuomba dhamana, nasi tutapinga. Leo usiku mtalala mahali pengine, na mahali hapo hatutapaandika popote. Najua mimi, na koplo, na wewe. Basi."

"Ilitoka wapi?"

"Kwa picha. Duka lilikuwa linapiga picha stika ili watu wawe na imani nalo."

Muthoki aliketi juu ya meza aliyokuwa ameisukumia mlangoni. Mwiko ulikuwa bado mkononi. "Lakini nilisoma," alisema. "Nilisoma yote, hata pale pa magari. Nikasema labda pia wanauza magari."

Nyuma ya kitanda, msichana wa miaka mitano alikuwa amechuchumaa, magoti kidevuni, amevaa kanzu ya kulalia na viatu vyeusi vya shule. Vidole tu ndivyo vilivyoingia. Kisigino kilikuwa nje, kimekanyaga ngozi ya nyuma ikalala.

"Huyu ndiye Ndinda?"

Mtoto alisimama, akachechemea mpaka kwa mama yake, akamvuta sikio na kuliwekea mdomo. Midomo ilitembea. Hakukusikika kitu.

"Tangu siku ile huongea hivyo," Muthoki alisema, naye akinong'ona. "Nilimwambia anong'one, baba asitusikie. Hata akitaka maji."

Nashipae alishusha kifurushi kutoka kwapani, akakiweka sakafuni, stika ikitazama chini. Hakukifungua. Alichuchumaa mpaka macho yake yakawa sawa na ya mtoto.

"Muthoki, mwambie."

Muthoki aliweka mwiko chini. Alimshika mtoto mabega yote mawili, akafungua kinywa, akakifunga, kisha akasema kwa sauti yake yote, sauti ambayo Nashipae hakuwahi kuisikia, nzito kidogo na yenye mikwaruzo: "Sema, mama. Ongea tu hivi. Ameenda."

Ndinda alitazama mlango. Alitazama dirisha, pale tangi la buluu lilipokuwa likimeremeta juu ya mabati ya watu. Akaitazama miguu yake.

"Viatu vinanibana," alisema kwa sauti.